Mama Zima na Ukucha Uliokataa Kufutika

Ijumaa hii, tarehe thelathini ya mwezi wa sita, mpiga picha mkuu wa kituo chetu cha darubini atarudisha funguo za kuba na kwenda nyumbani akiwa mstaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Jina lake kamili limo katika faili la ofisi, lakini ukilitaja hapa kituoni watu watakuuliza unamtafuta nani. Sisi tunamjua kwa jina la Mama Zima, kwa sababu neno la kwanza ambalo kila mwajiriwa mpya amelisikia kutoka kinywani mwake ni hilo. Zima taa ya ukumbi, zima tochi, zima simu, zima na hicho kitaa chekundu cha birika. Mlinzi wetu wa getini anaapa kwamba wiki yake ya kwanza kazini alidhani hiyo ndiyo salamu ya hapa, naye akawa anamwitikia: zima na wewe, mama.

Alianza kazi katika chumba cha giza, enzi za filamu, mikono yake ikinuka dawa za kusafishia picha hata siku za mapumziko. Kamera za kompyuta zilipoingia, wengi wa rika lake waliomba kuhamishiwa idara nyingine. Yeye aliomba apewe kitabu cha maelekezo, na alipokimaliza akaomba apewe kingine kilichoandikwa na mtu anayejua kueleza. Tangu hapo, hakuna picha ya anga iliyotoka katika kituo hiki bila kupita mikononi mwake. Mimi nimeketi meza ya pili katika chumba cha kompyuta, mgongo wangu ukiangaliana na wake, na ninayoyaandika hapa mengi nimeyaona kwa macho yangu. Machache nimeyapata kwa mumewe, ambaye ni fundi cherehani na hajawahi kuficha siri hata ya nguo.

Tuanze na shuka, maana wageni wote huanza na shuka. Kila jioni kabla giza halijaingia, Mama Zima hufunika mdomo wa darubini kwa shuka jeupe na kulipiga picha. Wakubwa waliokuja kutukagua walimkuta siku moja akifanya hivyo, wakauliza kwa upole kama mtumishi huyu analipwa kupiga picha matandiko. Jibu ni ndiyo. Vumbi halikosekani ndani ya kamera, na kila punje huacha kivuli kwenye picha ya nyota. Ukipiga picha ya kitu cheupe kisicho na doa, unapata vivuli peke yake, na kompyuta inaweza kuviondoa kwenye picha ya anga. Kwa hiyo hapa kwetu vumbi halipanguswi ovyo. Vumbi linajulikana, linatunzwa, linaheshimiwa. Ukilihamisha punje moja, shuka la jana halikusaidii tena.

Shuka lenyewe lilishonwa na mumewe, bila mshono katikati, na nyumbani kwao ni marufuku kufuliwa pamoja na nguo nyingine. Mume huyo ameniambia kwamba katika ndoa yao yote amegombezwa kwa ukali mara moja tu, siku alipolipiga pasi likiwa limekunjwa na kuliachia mstari.

Kisa cha pili ni cha mwoka mikate. Chini ya kilima chetu kuna tanuri la mikate, na uani kwake palikuwa na taa kali iliyomulika juu kuliko ilivyomulika chini. Wenzetu hapa kituoni walitaka kuandika barua ya malalamiko. Mama Zima alikwenda mwenyewe mchana kweupe, akanunua mikate miwili, kisha akamtolea mwoka mikate picha ya anga iliyokuwa na doa la manjano pembeni. Akamwambia kwamba doa lile ni taa yake. Mzee wa watu badala ya kuona haya alifurahi kupita kiasi, akaomba nakala. Kesho yake aliivisha taa kofia ya bati, na nakala akaibandika juu ya meza ya kuuzia. Kwa miaka mingi, picha pekee ya Mama Zima iliyotundikwa hadharani ilikuwa ile ya taa ya mwoka mikate. Tulimtania sana kwa hilo, na sababu ya utani wetu ilikuwa fremu.

Fremu hiyo kubwa ilinunuliwa na mkurugenzi aliyetangulia, ikatundikwa ukumbini pale mapokezi, ili iwekwe picha bora kuliko zote zilizopigwa hapa. Kila mtu alijua ni picha gani. Katika pembe moja ya anga kuna wingu la gesi ambalo halina jina la kupendeza, lina namba tu. Katikati yake kimekaa kishada cha nyota changa, zenye joto kali mno, na mwanga wa nyota hizo ndio unaoifanya gesi iliyozizunguka ing'ae kwa wekundu wake yenyewe. Ila mng'ao huo ni hafifu mno. Ukipiga picha moja, hata ndefu, utaona nyota tu kama chumvi iliyomwagika mezani. Mama Zima aliweka mbele ya kamera kioo cha kuchuja mwanga kinachoruhusu wekundu ule peke yake kupita, akapiga pale pale, msimu baada ya msimu, na kuzijumlisha picha moja juu ya nyingine. Haba na haba hujaza kibaba. Wingu hilo huonekana vizuri miezi michache tu ya mwaka, na miezi hiyo nayo ina mambo yake: ukungu, mbalamwezi, na mawingu ya kwetu sisi, yale ya mvua, ambayo hayamwonei haya mtu yeyote.

Taratibu wingu likaanza kujitokeza. Kwanza kama doa la chai kwenye kitambaa, kisha kingo zake, kisha mikunjo yake ya ndani. Na pamoja nalo ukajitokeza ukucha.

Sisi sote tuliuita hivyo. Ulikuwa upinde mwembamba, umepinda kama kipande cha ukucha kilichokatwa, kando ya ile nyota inayowaka kuliko zote katika kishada. Huenda ulikuwa kitu cha kweli: gesi iliyosukumwa na upepo mkali wa nyota ile mpaka ikajikusanya ukingoni. Kama ndivyo, basi hapakuwa na mtu aliyewahi kuuona kabla yake. Au huenda ulikuwa uongo mtupu: mwanga wa nyota uliogonga kioo cha kuchujia, ukadunda, ukarudi kuchora mahali ambapo hapana kitu. Mama Zima alisogeza darubini kidogo, na ukucha ukaenda na nyota yake, jinsi kitu cha kweli kingefanya. Lakini mwanga uliodunda nao ungefanya hivyo hivyo.

Wengine tulimshauri aufute. Kwa kompyuta ni kazi ya dakika chache, na hakuna mgeni ambaye angejua. Wengine walimwambia aiachie picha ilivyo, aitundike, mambo yaishe. Majibu yake yalikuwa yale yale: hawezi kufuta asichokijua, wala hawezi kutundika asichokijua. Basi fremu ikakaa tupu. Wageni walisimama mbele yake wakiinamisha vichwa, na mmoja alimsifu mkurugenzi kwa kuweka kazi ya sanaa yenye fikra nzito.

Njia ya kuujua ukweli ilikuwepo, na ilikuwa moja. Ni kukitoa kioo kile, kukigeuza, na kukirudisha. Mwanga uliodunda ungehama mahali pake, na kitu cha kweli kingebaki pale pale kilipo. Tatizo ni kioo chenyewe. Kilikuwa kimoja tu, kizee, kimemeguka pembe moja, na kiwanda kilichokitengeneza kilishafungwa zamani. Kikivunjika, kazi yote ya wingu imekufa na kizazi chake. Aliogopa. Naliandika hili waziwazi kwa kuwa yeye mwenyewe hulisema waziwazi. Nimemwona zaidi ya mara moja amesimama mbele ya kamera, bisibisi mkononi, halafu akairudisha bisibisi mfukoni na kuuliza kama chai iko tayari. Juu ya kamera alibandika kibao kwa mkono wake: USIGUSE. Mwaka huu ukawa wa mwisho. Tuliarifiwa kwamba kamera ile itang'olewa mwaka huu huu na kufungwa mpya, ambayo haikubali kioo kile. Kwa hiyo Mama Zima alikuwa na msimu mmoja tu wa kujua kama nusu ya maisha yake ya kazi aliitumia kuangalia jambo la kweli au kivuli cha vioo vyake mwenyewe.

Hapa ndipo anapoingia mkurugenzi wetu wa sasa, ambaye ameniruhusu niandike haya, na ambaye leo lazima tumshukuru kwa heshima zote. Alihamia kwetu akitoka idara ya majengo. Ni mtu msafi, mchapakazi, asiyependa kuona rangi imebanduka. Tulikuwa tunatarajia wageni, naye akapanda kwenye kuba mchana kukagua usafi. Akakuta kioo kina vumbi. Kibao alikiona, ila alidhani ni cha wageni. Basi mkubwa wetu akafungua skrubu kwa mikono yake mwenyewe, akakitoa kioo, akakipulizia pumzi kama mtu anayesafisha miwani, akakisugua kwa leso yake ya mfukoni, akakirudisha. Kisha akashuka kwenye chumba cha chai, amenawiri kwa kuridhika, akamwambia mhusika mbele yetu sote:

"Mama, leo kioo chako kinameremeta."

Mama Zima aliweka kikombe chini polepole, akatoka, akapanda ngazi za kuba. Tulizisikia hatua zake zote. Mkurugenzi alituangalia usoni mmoja mmoja, leso ingali mkononi.

Nilimfuata baada ya muda. Nilimkuta amefungua kifuniko cha kamera na kuinamia kioo, mikono nyuma, kama mtu anayeangalia mtoto aliyelala. Kioo kilikuwa kizima. Lakini ile pembe iliyomeguka, ambayo miaka yote ilikuwa upande wa chini, sasa ilikuwa juu. Nami nilidhani anahesabu hasara. Vumbi lote alilolijua limeondoka, picha zote za shuka za msimu hazifai tena, na msimu wenyewe unakwisha. Alifunga kifuniko, akaniambia mtu asiguse kitu, tuendelee kupiga hivyo hivyo. Akakimbilia nyumbani kuchukua shuka.

Mumewe alinieleza baadaye kwamba jioni ile alikataa chakula. Alikuwa ameelewa pale pale, kabla yetu sote. Jambo aliloliogopa miaka yote lilikuwa limeshafanywa na mtu asiyejua kama ni la kuogopwa. Kioo kimegeuzwa na hakikuvunjika. Sasa palibaki kuona tu, na kuona ndiko kulikomkosesha hamu ya kula. Alimwambia mumewe kwamba angalau kutojua alikuwa amekuzoea. Mumewe akamjibu kwamba hata nguo, mpaka mwenyewe aivae ndipo fundi anajua kama ameharibu, na ikiharibika hutafutwa njia ya kuirekebisha. Kisha akamwekea chakula tena, naye akala.

Ikaja mvua. Ilinyesha wiki baada ya wiki, na kila mtu hapa alijifanya mtabiri wa hali ya hewa. Mlinzi alikuwa akipiga simu kutoka getini kuarifu kila uwazi mdogo angani. Mwoka mikate alituma ujumbe kwamba kwa upande wake mawingu yanapungua, kana kwamba anga ya kwake na ya kwetu ni mbili. Mkurugenzi, maskini, alikuwa akipita nje ya chumba chetu kwa kunyata, mikono mfukoni, akihakikisha tunaona kwamba hajashika chochote. Mwishowe anga ikafunguka, tukapata siku chache safi mfululizo, na Mama Zima akapiga mpaka wingu lake lilipozama kwenye upeo wa macho kwa mara ya mwisho ya msimu.

Asubuhi ya kuzijumlisha aliomba nikae kwenye kiti chake mimi nibonyeze, yeye asimame nyuma. Picha ilijengeka kwenye skrini kidogo kidogo. Nyota. Doa. Kingo. Mikunjo. Sikugeuka kumwangalia. Halafu kando ya ile nyota kali, upande ule ule, umepinda vile vile, ukaja ukucha.

Haukuwa umehama hata kidogo. Aliniambia nifungue picha ya mwaka uliopita niiweke juu yake, nikafanya hivyo, zikakaa sawasawa. Akasema tena, nikafanya tena. Ndipo akacheka, kicheko cha sauti ambacho sijawahi kukisikia kwake, na katikati ya kicheko akaanza kulia. Alitafuta cha kupangusia machozi, akakamata kilichokuwa karibu, nalo lilikuwa shuka jeupe. Alipoona alama aliyoiacha alijikaripia mwenyewe kwa ukali ule ule aliotukaripia sisi miaka yote. Wenzetu wenye darubini kubwa kuliko yetu wamekwisha kuutazama ukucha huo kwa vyombo vyao, na wameuona. Upo. Ulikuwepo siku zote, hata zile siku tulizomshauri aufute.

Mkurugenzi alipoeleweshwa alichokifanya, kwanza ubaya wake kisha uzuri wake, alikuja kuomba radhi. Mama Zima alimkatiza. Alimwambia kwamba kama si yeye, angestaafu na kioo salama na swali lisilo na jibu, na kwamba anamshukuru kwa moyo wake wote. Aliongeza kwamba akimwona tena na leso ndani ya kuba, watapelekana kwa mlinzi. Picha ilipotayarishwa kuchapwa, alitaka waliochangia watajwe chini yake. Kwa hiyo mtakaopita ukumbini msome vizuri ile mistari midogo, kwa kuwa haikukosewa: baada ya kamera na darubini, Mama Zima ameandika "Shuka: kazi ya mume wangu; kofia ya taa: kwa hisani ya mwoka mikate; leso: ya mkurugenzi."

Picha ilitundikwa Jumatano iliyopita jioni. Tulikusanyika wote mapokezi, mwoka mikate akiwa na kapu lake, mlinzi akiwa amesimama ukutani karibu na swichi. Saa ile, kwa sheria ya Mama Zima, taa za ukumbi zilikuwa zimeshazimwa, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Yeye alishika upande mmoja wa fremu, mumewe akashika wa pili, wakapapasa mpaka msumari ukapatikana. Wakarudi nyuma. Tukasimama gizani tunaitazama kwa adabu picha tusiyoiona.

"Washa," akasema.

Mlinzi hakutii. Alituambia baadaye kwamba hakuamini, alidhani masikio yake yamezeeka. Ikabidi arudie, kwa sauti ya chini lakini bila kusita: washa taa, mwanangu, watu waone.

Taa ikawaka. Wingu lilikuwa jekundu kuliko nilivyolizoea kwenye skrini, limejikunja kuzunguka zile nyota changa nyeupe, na kando ya iliyo kali kuliko zote ukucha umetulia mahali pake. Mwoka mikate ndiye aliyeanza kupiga makofi, na kapu likamponyoka.

Mama Zima, tunakushukuru. Umetufundisha kungoja bila kununa, na kukataa kufuta jambo kwa sababu tu linatusumbua. Wengi wetu tumeanza kazi kwa kugombezwa nawe, na hakuna hata mmoja anayejuta. Nenda ukapumzike, ulale saa wanazolala watu, ule chakula cha jioni jioni. Tunakuombea afya, macho mema, na anga safi hata pale usipokuwa na kamera. Kuhusu taa ya ukumbini usiwe na wasiwasi. Tumekubaliana iachwe ikiwaka juu ya picha yako, na mumeo ameshatuletea pazia zito jeusi la dirisha lile, halina mshono katikati, wala mwanga hautoki nje hata chembe.